Mchezaji Hakutoa Maelezo

Mwalimu Wambura alinipigia simu mchana, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la nne katika shule ninayofundisha, upande wa Buhemba. Alisema Nyafuru amefariki nyumbani kwao Kisorya, figo, na mazishi ni kesho kutwa. "Wewe Prisca ndiyo ulikuwaga rafiki yake," aliniambia kwa sauti iliyochakaa. "Mimi hii miguu haitaki tena safari. Nenda uniwakilishe." Nikamwambia nitaenda. Niliweka simu chini nikaendelea na kalamu nyekundu, na ni jioni tu, nilipolifungua tena lile daftari, nilipoona kwamba nimeweka vema kwenye hesabu zote za yule mtoto, hata zile alizokosa. Nimefika umri ambao misiba ya watu wa rika langu hainishangazi. Naweza kwenda, nikalia, nikala, nikarudi. Lakini lile neno rafiki lilinikwama kooni kama mwiba wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na usiku kucha sikuweza kulimeza wala kulitema.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa darasa la saba. Habari za nyumbani kwetu naziacha. Hazikuwa mbaya kuliko za wengine na haziwezi kunitetea. Nilikuwa nalala bweni katika shule moja ya msingi pale Kitaji, mjini Musoma, iliyokuwa na darasa la viziwi mwishoni mwa jengo, jirani na jiko. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinne vya chuma vya juu na chini, na dirisha moja lililoelekea jikoni, kwa hiyo mashuka yetu yalinuka moshi hata yakitoka kufuliwa. Mimi nililala juu, Nyafuru chini yangu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja ingawa alikuwa darasa la sita, mrefu, miguu myembamba yenye makovu ya mawe ya ziwani. Hakusikia kitu tangu utotoni. Alilala kiganja kikiwa kimeshika nguzo ya kitanda, na asubuhi mimi nilikuwa napiga chuma kwa kisigino mara mbili, mtetemo unashuka hadi mkononi mwake, anafumbua macho. Ndiyo kengele yake. Watoto wengine waliogopa lugha ya mikono, wakidhani ni kitu cha kuambukiza. Mimi niliijua kwa sababu ya uvivu: usiku nikitaka maji, ilikuwa rahisi kumwomba yeye aliye chini kuliko kushuka.

Jumamosi tulikula ugali na mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki kiwandani minofu ikishakatwa. Mpishi aliyachemsha na nyanya na chumvi nyingi katika sufuria ambalo halikuwahi kuwa jeupe ndani. Wengi tulitafuta vipande vya mgongoni. Nyafuru alichukua kichwa. Alikaa nacho kwenye kizingiti cha jiko akakifungua taratibu kama mtu anayefungua barua, akanyonya kila kipande, mifupa akaipanga juu ya jani kwa ukubwa wake. Halafu alinitazama akanionyesha kwa mikono kwamba mimi nakula kama mbwa anayeogopa kunyang'anywa. Nilicheka sana. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na ni lazima niliseme hilo, maana watu hudhani mtu humtendea vibaya yule asiyempenda.

Mwalimu Wambura ndiye aliyekuwa akitufundisha mbio. Alikuwa kijana bado, mtu wa Butiama, mwembamba, mwenye shati moja jeupe la michezo alilolifua kila jioni. Hatukuwa na bastola ya kuanzishia. Alisimama mbele yetu na vibao viwili, akavinyanyua juu ya kichwa chake, akavigonga, nasi tukatoka. Nyafuru aliona vibao vikikutana, na kwa kuwa jicho lake halikuwa na kazi nyingine duniani, mara nyingi alitoka kabla yetu sisi wenye masikio. Mita mia moja alinishinda kila siku. Si kidogo, alinishinda kwa hatua mbili nzima, mchana kweupe, pekupeku, na akifika mwisho aligeuka kunitazama nikija, bila dharau, kama mtu anayemngoja mwenzake barabarani. Tulipofika ngazi ya wilaya nako walitumia vibao. Akawa wa kwanza, mimi wa tatu. Wakatuchukua wote wawili kwenda kwenye mashindano ya mkoa, Bunda.

Bunda tulilala katika darasa la shule, magodoro chini, madawati yamerundikwa ukutani. Siku ya kwanza walimu waliitwa kwenye kikao cha kanuni. Mwalimu Wambura alirudi uso umemsawijika, akatukalisha chini ya ubao. Alisema mwaka huu bastola itatumika, na mwanzishaji atasimama nyuma yetu, pembeni. Alisema ameomba asimame mbele, au mtu ashushe kitambaa bastola inapolia, wamekataa. Wamesema huo ni msaada kwa mchezaji mmoja, na kanuni hairuhusu msaada. "Nikawaambia, jamani, mlio ambao mmoja hausikii si mlio wa wote," alisema. "Wakaniambia nisiwaletee siasa." Halafu akatoa wazo lake. Katika mchujo na fainali ataomba njia zetu ziwe jirani, mimi kushoto, Nyafuru kulia. Nyafuru asiangalie mbele; aangalie bega langu. Likiruka, naye aruke. Atachelewa kidogo, lakini ana mbio za kufidia. Alimweleza Nyafuru kwa mikono, naye akatikisa kichwa akakubali, kisha mwalimu akanigeukia mimi. "Prisca, wewe ndiyo bastola yake." Nilijisikia mkubwa. Na kanuni moja zaidi, alisema: anayetoka kabla ya mlio anaondolewa hapo hapo, hakuna kurudia, muda hautoshi.

Mchujo ulikwenda vizuri. Nilisikia mlio, nikaruka, na kwa pembe ya jicho nikamwona Nyafuru akija kama jiwe lililorushwa. Alimaliza wa kwanza katika kundi letu, mimi wa pili. Kundi lingine alishinda msichana mmoja wa Bunda, mrefu, ambaye muda wake ulikuwa bora kuliko wangu. Kila mtu aliyejua kuhesabu hadi tatu alijua fainali itakwendaje. Na wawili tu ndio wangekwenda ngazi ya taifa, na ilikuwa inasemwa wazi kwamba shule moja ya sekondari ya Mwanza ilikuwa inachukua wasichana wakimbiaji moja kwa moja, iwe wamefaulu mtihani au hawakufaulu. Mimi hesabu zilinishinda. Nilijua nikirudi nyumbani na mtihani wangu sitatoka tena.

Jioni ile nilitumwa kurudisha sahani kwenye chumba cha walimu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani walikuwa wawili, wasimamizi wa timu ya mkoa, wanamenya viazi vitamu vya moto na kupuliza vidole. "Yule bubu ana mbio, sikatai," mmoja alisema. "Lakini mkoa upeleke bubu? Kule taifani bastola italia atabaki pale kama mti, watucheke." Wa pili akauliza, akimaanisha mimi, "Na kale kenye pengo, kanakokaaga naye?" "Kale ni ka tatu." "Ka tatu si kanaweza kuwa ka pili." Wakacheka, cheko la kawaida la watu wanaokula. Hawakujua niko pale. Niligonga, nikaingia, nikaweka sahani, wakanipa kiazi. Nilikila njiani nikienda darasani, kikiwa cha moto mno, na nilipofika Nyafuru alikuwa amenitandikia godoro langu karibu na lake, ili asubuhi nimguse mguu badala ya kupiga chuma. Siwasingizii wale wasimamizi. Hawakunituma. Kwa miaka mingi nilitamani wangenituma.

Fainali ilikuwa saa nne asubuhi. Jua limepanda, chokaa ya mistari inaumiza macho, watu wamejaa pembeni hadi wengine wamekalia matanuri ya matofali upande wa pili wa uwanja. Tulikuwa sita. Nyafuru alipiga goti kulia kwangu, vidole kwenye mstari, shingo ameigeuza kunitazama. Hakuwa akiangalia uso wangu. Aliangalia bega la kulia, kama mtu anayesoma. Mwanzishaji nyuma yetu akaita, "Kwenye mistari!" Kisha, "Tayari!" Tukainua viuno. Niliwaambia watu baadaye, na nilijiambia mwenyewe hadi nilipokaribia kuamini, kwamba woga ulinitikisa. Si kweli. Kulikuwa na nafasi ndogo ya ukimya kati ya "tayari" na mlio, na ndani ya nafasi hiyo nilipata muda wa kufikiri kitu kizima, mwanzo hadi mwisho, kisha nikasukuma bega mbele kiasi cha upana wa kidole, miguu yangu ikabaki palepale.

Akatoka. Bastola ikalia mara mbili ya kumrudisha, filimbi zikapigwa, watu wakapiga kelele. Sisi watano tulibaki mstarini. Yeye hakusikia chochote. Alikimbia mita mia moja zote peke yake, mikono ikikata hewa, shingo imenyooka, na sijawahi kumwona akikimbia vizuri kama siku ile, kwa sababu safari hii hakuchelewa kuanza. Uwanja mzima ulikuwa unacheka. Alikata utepe ambao ulikuwa bado umeshikwa, akanyanyua mikono yote miwili, akageuka kunitazama nikija. Akaona njia tupu, na mbali kule sisi tumesimama. Mikono ilibaki juu kwa muda kabla hajaishusha.

Mbio zilirudiwa bila yeye. Wa Bunda akawa wa kwanza, mimi wa pili.

Mwalimu Wambura alikata rufaa kabla ya chakula cha mchana. Kamati ilikaa katika darasa la pili, watu wanne wazima kwenye viti vya watoto, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mpole mwenye miwani, ambaye muda wote alimwita mwalimu "kijana wangu". Nilikaa kwenye dawati la mbele na Nyafuru kando yangu. Mwalimu alisimama. Alisema Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Alisema viziwi wenzake Nyafuru duniani wanakimbia kwa bendera au taa, wala hakuna anayeita hiyo hila. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Kijana wangu, usawa si ndiyo huo? Sheria moja kwa wote. Bastola ililia kwa wote sita." Mwalimu akasema, "Ililia kwa watano." Wakaandika kitu.

Ndipo Nyafuru alipoanza kusema. Alisimama, akagonga bega lake la kulia, akalisukuma mbele, akaninyooshea kidole, akagonga tena. Alirudia mara nyingi, haraka, na koo lake likitoa ile sauti yake nzito ambayo wageni waliiogopa. Mwenyekiti akauliza anasema nini. "Anasema mwenzake alisogea kwanza," mwalimu akajibu, na nikamwona akinigeukia kwa mara ya kwanza siku ile na swali machoni. Lakini mjumbe mmoja akanyanyua kalamu. Akasema mlalamikaji hawezi kuwa ndiye mkalimani pia. Tutajuaje kama ni maneno ya mtoto na si yake? Wakakubaliana kwamba ni kweli, haiwezekani. Wakauliza kama yupo mtu mwingine anayejua ile lugha. Mwalimu alinitazama, maana alijua yupo. Mwenyekiti akafuata macho yake hadi kwangu, lakini hakuniomba nitafsiri. Aliniuliza kwa upole, kama anayemuuliza mjukuu, "Binti, wewe ndiye uliyekuwa pembeni. Ulisogea?"

"Sikusogea."

Nyafuru alikuwa anasoma midomo yangu. Akashusha mikono, akakaa.

Uamuzi uliandikwa kwenye karatasi moja, na nakala ikatolewa kwa shule na kwa mzazi. Naujua, mwalimu alitusomea. Ulisema rufaa imetupwa. Ulisema ili kuepusha usumbufu, kuanzia mwaka unaofuata wanafunzi viziwi watatengewa siku yao ya michezo, jambo ambalo kila mtu mezani alilisifu kwa huruma yake. Siku hiyo haikuwahi kufika, wala sijui kama kuna aliyeipanga. Na katikati, baada ya maelezo ya mwanzishaji na maelezo yangu, palikuwa na mstari mmoja: mchezaji hakutoa maelezo.

Tulirudi Musoma. Kiziwi akikunyima macho amekufungia mlango, na huna pa kubisha. Nyafuru alinipita kwenye kizingiti cha jiko akitazama ukuta. Alihamia kitanda cha pili kutoka dirishani. Nilibaki najiamsha mwenyewe, na asubuhi moja nilijikuta nimepiga chuma kwa kisigino mara mbili, chini hakuna mtu. Muhula ulipofungwa alikwenda kwao Kisorya, na ulipofunguliwa hakurudi. Walisema baba yake amesema kusoma kwake kumetosha. Mwalimu Wambura aliondolewa kwenye michezo akapewa bustani ya shule. Kuhusu bega langu hakuniuliza tena hata siku moja. Nilifikiri ananishuku. Sasa naona hakuweza kufikiri hivyo juu ya mtoto aliyemwita bastola. Mimi nilikwenda taifani, nikatolewa kwenye mchujo. Sekondari ya Mwanza ilinipokea, nikakimbia miaka miwili, goti likaharibika, lakini shule nilimaliza, na mshahara ninaokula leo mzizi wake ni pale. Siku hizi ipo sheria ya watu wenye ulemavu. Nimehudhuria semina, nina cheti, na kila mwaka naandika ubaoni maneno "haki na usawa" na kuwauliza watoto maana yake. Huwa wanajibu vizuri.

Nilifika Kisorya asubuhi ya mazishi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wanawake waliokuwa wakianika naye dagaa ufukweni. Kaka yake Majura alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma hadi darasa la sita na hakubahatika kuendelea, akafanya shughuli za dagaa, ameacha mtoto mmoja wa kike aliyeolewa Ukerewe. Kuhusu mbio hakuna kitu. Nilingoja hadi karatasi ikakunjwa. Tukazika.

Kesho yake niliomba kuongea na mama yake. Alikuwa amekaa ndani juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mwanamke mkavu mwenye macho yaliyoanza kufifia. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikajitaja. Halafu nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio kama nilivyoyaandika hapa, hata kile kiazi. Hakunikatisha. Nilipofika kwenye "sikusogea" nililia, naye akaningoja nimalize kulia, bila kunigusa.

"Alisema," aliniambia hatimaye.

"Alisema nini, mama?"

"Hayo. Alivyorudigi hapa na mzigo wake, alisema. Hivi na bega, hivi na kidole. Mimi mikono yake naijua, nimemzaa. Nikamweleza baba yake, huyu mtoto anasema alidanganywa na mwenzake. Baba yake alikuwa na ile karatasi imeletwa kutoka shule. Majura akaisoma hapa mbele yetu. Imeandikwa yeye hakusema kitu. Baba yake akasema, kama ni kweli mbona kule mbele ya wakubwa hakusema? Anakuja kusingizia watoto wa watu hapa nyumbani?" Akavuta kanga magotini. "Akamchapa. Si kwa kushindwa. Kwa uongo. Na yeye anaendelea tu, anasema, anasema, hanyamazi. Baba yake akaniambia mshike."

Nje kulikuwa na watu wanapasua kuni. Mama aliviangalia viganja vyake.

"Mimi ndiyo nilimshika mikono," alisema. "Nikaishika mpaka akaacha."

Nilianza kusema nisamehe, akanizuia kwa kichwa. "Usiniombe mimi. Majura na wazee wako pale nje. Nenda ukaseme, wasikie wote."

Nilitoka. Walikuwa kwenye mabenchi, wanane au tisa, wanakunywa uji. Majura alisogea kunipa nafasi, nikakataa kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sauti, na safari hii sikulia. Majura aliinamisha kichwa tangu nilipoitaja ile karatasi na hakukiinua tena. Nilipomaliza, mzee mmoja, jirani yao wa siku nyingi, aliweka kikombe chini akauliza, si kwa ubaya, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Kumbe Nyafuru alikuwaga anakimbia?"

Waligeukiana. Hakuna aliyejua.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Alikuwa akikimbia kuliko sisi wote."